Seyyid Khalid bin Barghash: siku mbili kitini, miaka 30 ugenini

Swali: "Maalim, shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Tanga. Kapewa kazi ya kuandika maisha ya mtawala wa Kiarabu aliyekaa madarakani muda mfupi, naye kamchagua Seyyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. Kila anapotafuta anakuta habari moja tu: vita vya dakika 38, Khalid akakimbia, basi. Huyu mtu alikuwa nani kabla ya hapo? Alikuwa na haki ya kiti au alikivamia? Na baada ya kukimbia aliishia wapi? Mwalimu anataka kurasa tatu, sisi tuna nusu."

Marahaba, mwanangu. Hiyo nusu ukurasa mliyoipata ndiyo wanayoipata watu wote, usimlaumu mtoto. Vita vya Agosti 1896, kati ya Khalid na Waingereza, vimeingizwa kwenye vitabu vya rekodi kuwa vifupi kuliko vyote duniani, na Seyyid Khalid naye amegeuzwa kichekesho: kijana mkaidi aliyepanda kitini, akapigwa mizinga, akatoka mbio. Mtu huyu aliishi zaidi ya miaka 50. Sisi tumemkatia dakika 38.

Nianze na nyumba aliyotoka, maana bila ya hiyo mambo yake hayaeleweki.

Babu yake ni Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati na kukijaza kisiwa mikarafuu. Said alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, akirudi kutoka Oman, chombo kikiwa jirani na visiwa vya Shelisheli. (Ziweke Shelisheli akilini, tutazirudia.) Mmoja wa wanawe waliokuwamo chomboni ni Barghash, baba yake Khalid. Walipofika Unguja, Barghash hakungoja hata matanga yaanuliwe: alijaribu kukitwaa kiti usiku uleule, kabla kaka yake Majid hajajipanga. Hakufanikiwa. Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii kwa silaha, akajifungia na wafuasi wake katika nyumba ya shamba iliyoitwa Marseilles, huku dada zake wawili, Khole na Salme, wakimsaidia kwa siri. (Salme ndiye yule aliyekuja kuondoka na mfanyabiashara wa Kijerumani. Ukoo huu haukuwa na watu wa kupoa.) Majid akaomba msaada wa Waingereza, manowari ikaleta askari, Barghash akashindwa na kupelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka 2. Kisha akarudi, akanyamaza, akangoja. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akakalia kiti, na hakuna aliyemfungulia tena faili la zamani.

Humo ndimo alimozaliwa Khalid, karibu na mwaka 1874: katika nyumba ya mtu aliyejaribu kukitwaa kiti mara mbili, akahamishwa nchi, na bado akaishia kuwa Sultani. Mtoto wa nyumba hiyo hafundishwi kwamba kushindwa mara moja ndio mwisho.

Barghash ndiye Sultani ambaye mji wa Unguja unamkumbuka kwa mawe yake. Jumba la Beit al Ajaib alilijenga mwaka 1883. Alileta maji mjini kwa mabomba. Kimbunga cha 1872 kilipoteketeza merikebu zake, aliagiza nyingine kubwa kutoka Uingereza, ikaitwa Glasgow, ikafika mwaka 1878. Nayo Glasgow iweke akilini. Lakini Agosti 1885 manowari 5 za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake na kuelekeza midomo ya mizinga madirishani, zikimtaka aache kupinga madai ya Ujerumani kule bara. Waingereza, aliokuwa akiwategemea, walimshauri akubali. Akakubali. Khalid wakati huo alikuwa na takriban miaka 11, na mtoto wa umri huo anayelala kwenye nyumba inayoangalia bahari hahitaji kuelezwa manowari ni kitu gani.

Sasa lile swali lako la haki. Wengi wetu tumezoea kudhani mfalme akifa, mwanawe mkubwa anarithi. Kwa ukoo wa Busaidi haikuwa hivyo. Kiti kilikwenda kwa yule aliyekubaliwa na wakubwa wa ukoo na masheikh wa makabila, na aghalabu aliyekubaliwa ni yule aliyewahi, akiwa na watu nyuma yake na silaha mkononi. Tazama wenyewe: tangu 1856 kiti kilipita kwa wana wanne wa Said, mmoja baada ya mwingine, Majid, Barghash, Khalifa mwaka 1888, na Ali mwaka 1890. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerithiwa na mwanawe. Ali alipofariki Machi 1893, zamu ikashuka kwa wajukuu.

Na hapo hoja ya Khalid ilikuwa rahisi: baba yangu alikuwa Sultani wa nchi hii miaka 18. Ukiwatazama waliowekwa badala yake utaona kwa nini ilimuuma. Wa kwanza ni Hamad bin Thuwaini, binamu yake, ambaye baba yake alitawala Maskati na hakuitawala Unguja hata siku moja. Wa pili ni Hamoud bin Mohammed, binamu mwingine, ambaye baba yake hakutawala popote. Ukipima kwa damu, Khalid alikuwa mzito kuliko wote wawili. Ukipima kwa desturi, aliyewahi kasri na akapata watu wa kumkubali ndiye. Tatizo lilikuwa karatasi.

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana. Wajerumani wakachukua pwani ya bara, kipande cha Mrima kilichobaki mikononi mwa Sultani wakakilipia mark milioni 4, na Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Seyyid Ali bin Said aliyaridhia haya, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo watu wengi wa mjini hawakulipima uzito wake siku ile: kuanzia hapo, hakuna atakayekalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza. Kasri likawa na mlango wa pili, na ufunguo wake ukakaa kwa konseli, mwakilishi wa Uingereza mjini.

Kwa hiyo ukiniuliza kama alikivamia kiti, nitakwambia hivi: Khalid alicheza bao kwa sheria za baba yake, kwenye ubao ambao wenzake walikwisha kuubadilisha. Kwa desturi ya ukoo alikuwa na dai zito. Kwa mkataba wa 1890 hakuwa na kitu. Mtoto aandike yote mawili, asichague moja kwa sababu tu linapendeza.

Jambo ambalo wengi hawalisemi ni kwamba 1896 haikuwa mara yake ya kwanza. Siku aliyofariki Ali, Machi 1893, Khalid aliingia kasrini akitaka kutangazwa. Alikuwa na kama miaka 19. Rennell Rodd, aliyekuwa akikaimu nafasi ya konseli mkuu wa Uingereza, alimtaka atoke, na akatoka. Hakuna risasi iliyolia. Hamad akawekwa. Nionavyo mimi, siku ile ndiyo iliyowaponza wote. Waingereza walijifunza kwamba kijana huyu akitishwa anatoka. Naye alijifunza kwamba Waingereza wanatisha tu.

Miaka mitatu ikapita. Jumanne, tarehe 25 Agosti 1896, katika mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, Hamad alifariki ghafla, saa 6 kasoro dakika 20 mchana. Uvumi wa sumu ulianza kabla hajaingizwa kaburini na vidole vikanyooshwa kwa Khalid, ila ushahidi hakuna aliyewahi kuuleta. Khalid alikuwa kasrini kabla ya Waingereza kujipanga. Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, alimwendea pamoja na Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu katika serikali ya Sultani mwenyewe, wakamwonya afikiri vizuri. Hamad akazikwa alasiri hiyo, saa 8 na nusu. Saa 9 mizinga ya salamu ikalia: Seyyid Khalid bin Barghash ni Sultani.

Angalia jambo dogo hapa. Cave aliwaambia makonseli wa nchi nyingine kwamba hamtambui Khalid, na bendera zote mjini zikashushwa nusu mlingoti kwa msiba wa Hamad. Isipokuwa moja. Juu ya kasri bendera kubwa nyekundu ya Sultani ilibaki kileleni, na ugomvi wote wa siku mbili zilizofuata uliishia kuwa juu ya kitambaa hicho: kitashuka au hakitashuka?

Khalid hakukaa bure. Watu wakamiminika kasrini hadi kufikia kama 2,800. Askari wa kazi walikuwa 700 hivi. Waliobaki ni watumishi, watumwa na watu wa mjini. Walikuwa na bombomu kadhaa, mzinga mkongwe wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili mizuri ya kisasa iliyotolewa zawadi na Kaisari wa Ujerumani. Majini ilikuwapo Glasgow, ile merikebu ya baba yake, na ndiyo jeshi zima la majini alilokuwa nalo. Upande wa pili, askari 900 wa Kizanzibari walikuwa chini ya Mwingereza, Arthur Raikes. Hilo halisemwi sana, kwamba Wazanzibari walisimama pande zote mbili za barabara. Na bandarini, kufikia Jumatano alasiri, manowari za Kiingereza zilikuwa tano: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon na St George, aliyokuwamo Admeri Harry Rawson.

Cave alipeleka telegramu London akiuliza kama ana ruhusa ya kulipiga kasri mizinga iwapo njia za amani zitashindikana. Jibu likaja: fanya unaloona lazima, serikali itakuunga mkono, ila usijaribu jambo ambalo huna hakika ya kulimaliza. Mimi husema hiyo ndiyo hukumu yenyewe, imeandikwa kwa adabu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, konseli wa Marekani, Richard Dorsey Mohun, aliandika kwamba kimya cha mji kilitisha. Kawaida Unguja haikosi ngoma usiku, au mtoto anayelia. Usiku ule hapakuwa na kitu. Anayeujua Mji Mkongwe, nyumba zilivyobanana na sauti zinavyopita dirisha hadi dirisha, ataelewa ni kiasi gani cha hofu kinachohitajika ili watu wote wale wanyamaze pamoja.

Amri ilikuwa imekwisha kutolewa: hadi saa 3 asubuhi, tarehe 27, bendera iwe imeshuka na watu wawe wametoka. Saa 2 Khalid alituma mjumbe kutaka mazungumzo. Akajibiwa hakuna mazungumzo, ni kutii. Saa 2 na nusu jibu lake likafika, na hili mtoto alinukuu: hatuna nia ya kushusha bendera yetu, na hatuamini kwamba mtatupiga mizinga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, lakini wasipofanya walivyoambiwa, bila shaka watapigwa. Soma sentensi ya Khalid mara ya pili. "Hatuamini." Ni 1893 inayosema hapo.

Saa 3 na dakika 2 Racoon, Thrush na Sparrow zikaanza kupiga.

Nina mchezo mmoja niufanyao na wanafunzi. Huwapeleka Forodhani asubuhi, nikawapanga waangalie bahari, nikawaambia tusimame kimya dakika 38, tusikie kiasi chake. Sijapata darasa lililomaliza. Dakika ya kumi mmoja ameshaanza kunong'ona, ya kumi na tano wengine wanatafuta kivuli, na ya ishirini yuko mtu ananiuliza urojo unaanza kuuzwa saa ngapi. Ndipo ninapowaonyesha umbali kutoka maji hadi majumba. Manowari hazikuwa na haja ya kulenga kwa shida.

Kasri lenyewe lilikuwa majumba kadhaa yaliyoshikana: Beit al Sahel ufukweni, Beit al Hukm nyuma yake walikokaa wanawake, na Beit al Ajaib ubavuni, yakiungwa na madaraja ya mbao. Sisi watu wa pwani tunajua nyumba hizi zimejengwa kwa nini: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikandaa kushika dari. Kombora likiingia humo, ukuta unabomoka kama mkate mkavu, dari inashuka, na mbao zinashika moto. Nyuma ya vizuizi vya masanduku na marobota ndimo walimojipanga watu wa Khalid. Kombora la kwanza la Thrush liliupindua mmojawapo wa ile mizinga ya kisasa. Glasgow ikafyatua mizinga yake midogo kuielekea St George, jambo ambalo hata maadui waliliona ni la ushujaa na la bure. Ikajibiwa, ikaanza kuzama, mabaharia wake wakaokolewa na mashua za Waingereza haohao. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari hadi mwaka 1912. Miaka 16, kila jahazi lililoingia Unguja lilipita kando ya mabaki ya merikebu ya Barghash.

Saa 3 na dakika 40 bendera ilikuwa imekatwa na mizinga ikanyamaza. Upande wa kasri watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, wengi kwa moto ulioshika majumba. Upande wa manowari alijeruhiwa mtu mmoja, akapona. Mjini, katika ghasia zilizofuata, maduka ya Wahindi yaliporwa na watu kama 20 wakauawa, hata wakaletwa askari wa Kisingasinga kutoka Mombasa kutuliza mambo. Ndiyo maana huwa sicheki mtu anapoisimulia kama mzaha.

Alasiri hiyohiyo Hamoud bin Mohammed alikuwa amekwisha kukalishwa kitini. Walioshikamana na Khalid wakadaiwa rupia 300,000, fidia ya uporaji pamoja na gharama ya makombora waliyopigwa nayo. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Khalid alitoka lini? Habari zilizopelekwa magazetini wakati ule zilidai kwamba aliondoka mara tu kombora la kwanza lilipolia, akawaacha watumwa na wafuasi wafe. Wengine walisema alibaki ndani kwa muda. Mimi naegemea kusema hivi: walioandika mwanzo walikuwa washindi, na mshindi anapenda adui yake awe mwoga. Lakini pia ni kweli tupu kwamba waliokufa walikuwa wengi wanyonge, na yeye alitoka hai. Alipita vichochoroni na wenzake wapatao 40 hadi kwenye ubalozi wa Ujerumani, akagonga, akafunguliwa.

Hapa ndipo panaponifurahisha kuliko vita vyenyewe, kama neno kufurahisha linafaa. Waingereza walimtaka. Wajerumani wakasema mkataba wetu wa kurudishiana wahalifu haugusi wakimbizi wa siasa. Askari wakawekwa nje ya nyumba kumvizia: akiweka mguu tu kwenye ardhi ya Zanzibar, akamatwe. Ikawa hivyo zaidi ya mwezi mzima. Tarehe 2 Oktoba meli ya Kijerumani, Seeadler, ikaingia bandarini. Ubalozi ulikuwa ufukweni, bustani yake ikigusa bahari. Wakangoja maji yajae. Yalipojaa, mashua ikasukumwa hadi kwenye mlango wa bustani, na Khalid akavuka moja kwa moja kutoka kizingiti cha Wajerumani hadi ndani ya mashua ya Wajerumani. Mguu haukugusa mchanga wa Unguja. Askari wakabaki wanatazama. Mtu aliyeshindwa na karatasi aliokolewa na karatasi, na bahari ikamsaidia kidogo.

Na kumbuka 1885: manowari zilizomtisha baba yake zilikuwa za Kijerumani. Mwana akakimbilia kwao.

Akapelekwa Dar es Salaam, makao ya serikali ya Kijerumani. Mji huo aliuasisi ami yake, Majid, miaka ya 1860, na pwani yote ile ilikuwa ya baba yake kabla ya kwenda kwa Wajerumani. Akaishi hapo kama miaka 20, muda mrefu kuliko utawala wa baba yake, akiwa mgeni wa serikali nyingine kwenye ardhi ya ukoo wake. Ng'ambo ya maji mambo yakaendelea bila ya yeye: Hamoud akatia mkono amri ya 1897 ya kuondoa utumwa kisheria, mwanawe Ali akamfuata mwaka 1902, kisha mwaka 1911 kiti kikaenda kwa Khalifa bin Harub, mjukuu wa Thuwaini. Kikabaki katika tawi hilo hadi Mapinduzi ya 1964. Tawi la Barghash halikurudi tena.

Vita Vikuu vya Kwanza vikamkuta Dar es Salaam. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliingia bandari ya Unguja alfajiri na kuizamisha Pegasus ya Waingereza, karibu na maji yaleyale ilikozama Glasgow. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Dar es Salaam, na katika vita hivyo Khalid akaangukia mikononi mwao, miaka 20 baada ya kuwaponyoka kwa mashua. Hawakuwa wamesahau. Wakamhamishia mbali: visiwa vya Shelisheli, na St Helena, kile kisiwa cha Atlantiki alikofia Napoleon. Shelisheli Waingereza walikwisha kuifanya jela ya wafalme. Huko ndiko walikowapeleka Mwanga wa Buganda, Kabalega wa Bunyoro na Prempeh wa Ashanti. Na maji ya Shelisheli, kama nilivyokwambia, ndiyo aliyofia babu yake.

Mwishowe aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akaishi Mombasa, na hapo ndipo alipofariki mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 53 hivi.

Kabla sijamaliza, mtoto ataulizwa darasani: Khalid alikuwa shujaa au la? Asikimbilie kumvika joho la mpigania uhuru wa miaka ya 1950. Waliomuunga mkono zaidi walikuwa Waarabu wenye mashamba, ambao miongoni mwa mambo waliyoyaogopa kwa Waingereza ni kuondolewa watumwa wao. Na watumwa haohao ndio waliokuwa nyuma ya vile vizuizi, wakifa kwa ajili ya bendera ya bwana. Wakati huohuo, aliyempiga hakumpiga kwa ajili ya watumwa. Alimpiga kwa sababu ya mkataba. Mwalimu mzuri atampa alama mtoto anayeweza kuyabeba yote mawili bila kuyadondosha.

Ukipata nafasi ya kumvusha mtoto hadi Unguja, mwonyeshe jumba la makumbusho lililo ufukweni, lililojengwa baada ya vita mahali pa Beit al Sahel. Palipokuwa na Beit al Hukm pakafanywa bustani. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al Ajaib uliharibiwa na makombora, na mnara wa saa ukaja kuunganishwa na uso wa jumba hilo mwaka uliofuata. Sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo mwambie asitegemee kuiona kama ilivyo kwenye picha za zamani.

Lakini kutoka Tanga, Mombasa nayo si mbali, na mimi ningempeleka Ngome ya Yesu. Pwani ile ya Kenya kisheria ilibaki ni mali ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963, Waingereza wakiishika kwa kodi tu, na kwa sababu hiyo juu ya ngome ilipepea bendera ya Sultani miaka yote aliyoishi Khalid mjini humo. Nyekundu, ileile.